Joho la Mwalimu wa Kwaya

Asubuhi niliyoondoka Laela sikuwa na mahali ninapokwenda. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kitenge kimoja cha kujifunika, na kazi ya kuchambua maharage kwenye ghala ambayo kufikia siku ya tatu nilikuwa nimeshaielewa yote. Hilo lilikuwa tatizo langu tangu shuleni: nikishaelewa kitu, miguu inaniwasha. Shule yenyewe niliiachia darasa la tano. Haikuwa ngumu, ila dirisha letu lilitazama barabara. Basi asubuhi hiyo nikakuta lori limesimama kituoni, nyuma lina ngoma, jenereta, sanduku la bati na watu sita wanaogombana vikali kuhusu nani mwenye haki ya kuleta mvua. Nikapanda ili nisikie ugomvi huo unaishia wapi. Nimeshuka mwaka huu.

Nyie mliobaki kwenye kikundi mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Vyeo sitavigusa, maana kwetu viko viwili tu, anayeonekana na asiyeonekana, na mimi nilikuwa huyo wa pili tangu mwanzo hadi mwisho. Malipo nayo tuyaache yapumzike. Nitawaeleza kazi ya kuazima nguo, kwa sababu ndiyo niliyoifanya, na nitawaeleza kuhusu nguo moja ambayo sikuirudisha.

Ugomvi wa kwenye lori ulikuwa mazoezi. Mchezo ni huuhuu mnaouigiza leo, Kamati ya Mvua, na tangu siku hiyo haujabadilika kama nilivyobadilika mimi. Mahindi yananyauka, kijiji kinaunda kamati ya kuombea mvua: katekista, mchungaji wa uamsho, shehe, na mzee wa jadi ambaye ndiye pekee aliyekuja na mwavuli. Wanaimba, wanabishana nani afungue kikao kwa sala, kisha nani afunge, kisha kama mwavuli ni imani au ni majivuno. Mvua inanyesha wakiwa bado kwenye ajenda ya kwanza. Wote wanakimbilia nje, kila mmoja anapiga kelele kwamba ni yake. Halafu inanyesha siku ya pili, ya tatu, mto unakata barabara, na sasa kila mmoja anaimba kwamba ni ya mwenzake. Mwandishi wake, Mwalimu Gervas, alikuwa amefundisha shule ya msingi na kukaa kwenye kamati nyingi. Yeye ndiye aliyekuwa akiigiza katekista.

Aliyenipa kazi alikuwa Bi Salma. Familia yake ina duka la vitambaa pale Sumbawanga mjini, na ndugu zake hawakuwahi kuelewa kwa nini aliacha kiti cha dukani akakaa juu ya sanduku la bati. Aliniuliza lori likiwa limeshaondoka.

"Unajua kushona?"

"Sijui, dada."

"Unajua kuomba?"

"Kuomba nini?"

"Kitu cha mtu."

"Hicho najua."

"Kaa hapa," akasema, akasogea kidogo.

Kikundi chetu hakina mavazi yake, hilo mnalijua, lakini wengine mnadhani ni umaskini. Mwanzoni walikuwa nayo, yameshonwa vizuri, na watu walicheka kwa adabu kama wanavyocheka wakisikia habari za wilaya nyingine. Siku moja sanduku lilidondoka njiani na mavazi yakapotea, ikabidi wazunguke kijijini kuazima: joho la kwaya kwa huyu, kanzu kwa yule, mwavuli kwa jirani. Jioni hiyo watu walicheka mpaka benchi mbili zikavunjika. Walikuwa wanaona nguo walizozipiga pasi wenyewe. Mwalimu Gervas hakushona tena kitu.

Kazi yangu ya kwanza niliiharibu papohapo. Nilifika kwa bibi mmoja, nikasimama mlangoni, nikamwambia nahitaji kanzu ya marehemu mumewe mpaka kesho. Alinitazama kama mtu anayetafuta fimbo kwa macho. Bi Salma alinivuta kando.

"We Veneranda, umetoka polisi? Kwanza kaa. Kunywa uji. Uliza habari za ng'ombe. Mtu akishakulisha anaona aibu kukunyima shati."

"Na nisipokuwa na njaa?"

"Basi huifai kazi hii."

Akanifundisha uzi. Kila nguo tuliyoazima alishona uzi mfupi wa rangi ndani ya pindo, rangi yake kwa kila nyumba, ili tusichanganye joho la Mama huyu na la Mama yule tukasababisha vita. Baada ya mchezo tunafua, tunapiga pasi ya mkaa, tunakunja pamoja na kipande cha sabuni, tunarudisha. Nguo haihesabiki imerudi mpaka mwenyewe aukate uzi ule kwa mkono wake mbele yetu. Lori haliondoki kabla uzi wa mwisho haujakatwa. Na jambo moja Bi Salma alilirudia kila tunaposhuka kwenye lori: mwambie mwenye nguo itavaliwa na nani, na huyo atafanya nini. Akikataa, kubali, nenda nyumba ya pili.

"Mungu hatumgusi," alikuwa akisema. "Tunaigusa kamati. Lakini kamati nayo ina watu, na watu wana nguo."

Nilidhani wakubwa wa dini watatusumbua. Wengi walitusumbua kwa namna nyingine. Mjini Sumbawanga shehe mmoja alituazima kanzu na kilemba chake kizuri, akaja kutazama. Katikati ya wimbo wa pili akasimama, akapanda jukwaani, akamvua mwigizaji kilemba na kumfunga upya, polepole, akimsemesha, "Hivi, mwanangu. Umefunga kama bandeji." Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi mpaka akainama. Mwalimu Gervas aliliingiza hilo kwenye mchezo moja kwa moja, na mpaka leo mnaliigiza bila kujua mwenyewe alikuwa nani. Mchungaji mmoja wa uamsho, mtu wa Mbeya, alitupa kipaza sauti chake kwa sharti kwamba mchungaji wa kwenye mchezo asikike kuliko wenzake wote. Tulimkubalia. Jenereta ndiyo iliyokataa.

Mimi mchezo wenyewe sikuutazama sana. Nilikuwa nyuma ya shuka, kwenye kitundu cha ukubwa wa kitufe, nawatazama watu. Ndiyo maana nikiulizwa kwa nini Kamati ya Mvua haiwachoshi watu, wakati simu zao zimejaa vichekesho, nina jibu langu. Waliokaa upande huu wanamcheka wa upande ule, kwa raha kabisa, mpaka zamu yao inafika. Hapo kunatokea kimya kifupi, cha pumzi moja tu. Mtu anajiona pale mbele, amevaa nguo yake mwenyewe. Kisha anacheka kuliko alivyomcheka jirani, na jirani anamgeukia, wanagongana mabega. Nimeiona pumzi hiyo Laela, nimeiona Sumbawanga, nimeiona vijiji ambavyo lori lilisukumwa kuingia na kusukumwa kutoka. Watu hurudi kila mwaka kwa ajili yake. Nami naweza kuwaambia inavyokuwa pumzi hiyo isipogeuka kicheko, maana mara moja niliisababisha mimi.

Ilikuwa Milepa, kule bondeni. Tulichelewa kufika, joto lilikuwa kali, na mimi kufikia wakati huo nilikuwa nimeazima nguo nyingi kiasi cha kujiona sihitaji kunywa uji wa mtu. Nikaenda kwa mwalimu wa kwaya, Mwalimu Dionizi, mtu mrefu, mpole, mwenye joho la rangi ya damu ya mzee lililokuwa na alama nyeusi begani, alama ya ncha ya pasi. Akaniuliza litavaliwa na nani.

"Na mtu wa maana, mwalimu," nikasema, nikiwa nimeshalikunja.

Nilijua fika kwamba litavaliwa na katekista, yule anayesali mpaka mzee wa jadi analala ameegemea mwavuli wake. Sikutaka kueleza. Lori lilikuwa linasubiri, na kueleza kunachukua muda.

Nilichokuwa sikijui ni historia ya ile alama. Milepa nzima iliijua. Mkewe, Mama Anjela, alikuwa akipiga pasi joho hilo asubuhi ya Jumapili, mwalimu akamwita waje wasali kidogo kabla ya kutoka. Mama Anjela akaiacha pasi juu ya joho, akapiga magoti. Moshi ndio uliosema amina.

Basi Mwalimu Gervas alipopanda jukwaani na joho lile, akanyanyua mikono, akaanza ile sala yake ndefu, nikaona kwenye kitundu changu nyuso zote zinakaza macho begani pake. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mama Anjela, pasi inaungua!" Uwanja wote ukalipuka. Watu walilala chini. Mwalimu Gervas, ambaye hakujua chochote, alifurahi akarefusha sala.

Mwalimu Dionizi alikuwa amekaa mstari wa mbele, mahali pa heshima, amekuja kumwona huyo mtu wa maana. Niliiona ile pumzi kwake. Nikasubiri igeuke. Hakucheka. Alisimama, akavaa kofia yake, akapita katikati ya watu bila kumsukuma mtu, akaenda.

Asubuhi nilimpelekea joho, limefuliwa, limepigwa pasi, na sabuni mbili badala ya moja. Nikampa mkasi aukate uzi.

"Uliniambia mtu wa maana," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Yule alikuwa wa maana?"

Nikamsogezea zile sabuni mbili.

"Basi bado hamjamalizana nalo. Nendeni nalo."

"Mwalimu, sisi hatuondoki na kitu cha watu."

"Leo mtaondoka nacho," akasema, akafunga mlango taratibu. Ingekuwa nafuu angeubamiza.

Jumapili iliyofuata kwaya ya Milepa ilisimama bila mwalimu. Habari zilitufikia mjini kupitia wauza mpunga: Dionizi ameacha kufundisha, sauti ya tatu imejiunga na ya pili, na wazee wanasema tusishuke tena bondeni mpaka joho lirudi kwa mwenyewe. Bi Salma hakunifokea. Alilikunja joho lile, uzi wake mwekundu ndani ya pindo, akaliweka chini kabisa ya sanduku.

"Huo uzi ni wako," akasema.

Nilishuka Milepa mara mbili. Mara ya kwanza mlango ulikuwa umefungwa. Mara ya pili nyumba ilikuwa na watu wengine, wakaniambia mwalimu amehamia kwao mkewe, kijiji kidogo juu kabisa, ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa, pale mlima unapokatika kuelekea bonde la Rukwa. Lori letu lisingeweza kufika huko. Mimi ningeweza. Lakini hapa niwaambie ukweli, kwa sababu nyie mtaurithi mkasi wangu: mimi ambaye nilipanda lori la watu nisiowajua ili kusikiliza ugomvi, ambaye sijawahi kuona njia nisitake kujua inaishia wapi, njia hiyo moja niliiogopa. Nikajitengenezea adhabu nyepesi kuliko kwenda. Sikuruhusu mtu yeyote kulivaa joho lile tena. Mwalimu Gervas alivaa majoho ya watu wengine, nami nikiwaeleza wenyewe kila kitu, mpaka jinsi sala itakavyokuwa ndefu. Miaka ikaenda hivyo. Waigizaji walibadilika, mikono ya kupaka rangi jukwaa ilibadilika, jenereta ilibaki ileile.

Mwaka huu magoti yangu yameanza kukataa ubavu wa lori. Nikaenda kumuaga Bi Salma, ambaye sasa amerudi kwenye kile kiti cha dukani, anawaeleza wateja ubora wa vitambaa bila kuulizwa.

"Nimestaafu, dada."

"Hongera. Sanduku liko tupu?"

"Karibu."

"Karibu ndiyo nini?"

Nikatazama vitenge ukutani.

"Veneranda, umerudisha nguo za Ufipa nzima, unataka kustaafu na ya mtu mmoja? Chukua mkasi huu. Na usinipigie simu mpaka liwe tupu."

Kesho yake asubuhi nikaondoka na joho kwenye mfuko wa kitenge. Sikuwa na mpango wa nini nitasema. Dereva wa bodaboda, kijana mwenye koti zito kwa ule upepo wa Juni, aliniuliza mara tatu kama nina uhakika.

"Mama, huko kuna nini?"

"Mtu."

"Poa, lakini huko hakuna gesti. Ukimkosa utalala wapi?"

"Na nikimpata?"

Akacheka. "Inategemea umemfanyia nini."

Vijana wa siku hizi wana akili.

Nilifika alasiri. Nyumba iko mwisho kabisa wa kijiji. Nyuma yake kuna shamba dogo la ulezi, na baada ya shamba dunia inakatika. Chini huko mbali unaona bonde limelala kama ngozi iliyoanikwa. Sijawahi kufika mahali papya nikasahau kupatazama, ila siku hiyo nilisahau kwa muda. Mama Anjela alikuwa uani anapepeta. Akanitazama, akatazama mfuko.

"Ni yule wa joho," akaita kuelekea ndani. Sikuwa nimesema neno.

Mwalimu Dionizi alitoka amejiinamia kidogo, mrefu bado. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanipa kigoda, kisha wakanipa uji. Nikanywa wote. Nikauliza habari za ng'ombe. Hawana ng'ombe. Nikaishiwa maswali.

"Mwalimu," nikasema, "nilikudanganya. Nilijua nani atalivaa na atafanya nini, nikakuficha kwa sababu ya haraka. Nisamehe. Nimekuja kulirudisha."

Akalipokea, akalikunjua magotini, akatafuta ile alama begani kwa kidole, akaipata.

"Nilikuja Laela," akasema. "Mara mbili. Nilikaa nyuma, na kofia."

"Kutazama Kamati?"

"Kutazama joho langu. Sikuliona. Huyo katekista wenu amevaa joho la watu wengine, jipya, halijaungua hata kidogo! Nikamwambia Mama Anjela, wamelitupa."

"Nililitunza, mwalimu. Nilikataza lisivaliwe. Kwa heshima."

"Heshima!" Akamgeukia mkewe. "Unasikia? Joho zima limekaa bure sandukuni, kwa heshima."

Mama Anjela alikuwa ameacha kupepeta. "Mwambie na lile lingine," akasema. "Umenisumbua nalo miaka yote."

Mwalimu akakohoa.

"Sala yenyewe," akasema, "mlikuwa mnaifupisha. Yule bwana anaomba mvua, hataji mito. Hataji mbuzi. Anamaliza mtu hajabadilisha goti. Hiyo ni sala?"

Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka. Yeye hakuwa anacheka.

"Kilichoniuma," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "ni kwamba uwanja wote ulijua, isipokuwa mimi. Nilikaa mbele pale kama mgeni wa heshima kwenye kesi yangu. Ungeniambia, mama, ningelivaa mwenyewe. Ningepanda. Ningewaonyesha sala."

Nilimwamini. Nikakumbuka yule shehe na kilemba chake, nikaona nilichomnyima mtu huyu: njia ya kupanda jukwaani. Nikamwomba radhi mara ya pili, na ya pili ilikuwa na maana kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa nilijua ninaomba radhi ya nini. Nikatoa mkasi wa Bi Salma.

Akautazama uzi mwekundu. Akalirudisha pindo mahali pake.

"Nitaukata kesho, baada ya chai," akasema. "Leo bado liko kwenye mchezo."

Akasimama, akalivaa. Lilikuwa limempwaya mabegani. Mama Anjela akaleta ugali wa ulezi na maharage, moshi unatoka, akaketi, na nikamwona anasogeza sufuria karibu na mafiga kabla hata sala haijaanza. Mwanamke huyo amejifunza. Tukapiga magoti, mwalimu akanyanyua mikono. Akashukuru kwa mvua za mwaka uliopita, akaitaja mito, mmojammoja, kwa majina. Akataja mbuzi. Akaiombea kwaya ya Milepa, sauti ya kwanza, ya pili, na ya tatu popote ilipo. Akamwombea Mwalimu Gervas aongezewe pumzi ya kusali vizuri. Akaiombea jenereta yetu, ambayo hajui hata inafananaje. Mama Anjela mabega yalikuwa yanatikisika. Kisha mwalimu akafungua jicho moja, akanitazama nalo, akaendelea:

"Na huyu mgeni wetu, Bwana, ambaye hana gesti, na magoti yake tunayaona, mjalie usingizi mwema katika chumba cha mbele, karibu na magunia, kitanda chenye blanketi mbili, maana hapa ukingoni kuna baridi..."

Nikashukuru kimoyomoyo, nikabadilisha goti. Alikuwa bado hajafika kwenye chakula.